Juu ya Kumwita Mtu Haramu: Maneno Yatumikayo kwa Wahamiaji Wasio na Ruhusa

Ni kazi ya kurasa kama hizi kuyatwaa maneno yapitayo vinywani mwa watu kila siku na kuyatia mizanini, ili ujulikane uzito wake. Maneno mengine hayahitaji mizani, kwa kuwa ayatumiaye vibaya hamdhuru mtu ila nafsi yake, na watu humcheka tu. Lakini yako maneno ambayo kosa la mnenaji humwangukia mwingine, asiyekuwapo wala asiye na nafasi ya kujibu. Katika kundi hili la pili limo jina moja ambalo magazeti ya Kiswahili na sauti za redio hulitumia bila kusita: mhamiaji haramu. Hulitumia sana katika habari zitokazo Marekani, ambako wenyewe wameshindana juu ya maneno yao kwa muda mrefu. Nasi tunaofasiri habari hizo tumeingia katika ugomvi wa nyumba ya watu pasipo kujua, tukatoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Basi twataka kwanza kueleza jinsi ugomvi huo ulivyo kwenye asili yake. Kisha kuzipima hoja za pande zote mbili, maana kila upande una haki yake na kosa lake. Na mwisho kulitazama neno letu wenyewe, ambalo twaona ni zito kuliko neno lolote lililomo katika Kiingereza.

1. Asili ya maneno

Sheria za Marekani tangu mwanzo zimemwita mtu asiye raia "alien". Neno hili latoka katika Kilatini, na shina lake maana yake ni "mwingine". Kwa hiyo maana ya kwanza ni mtu wa kwingine, wala hapakuwa na tusi ndani yake. Limo katika sheria ya uraia ya mwaka 1790. Na katika sheria ya mwaka 1952, iliyo msingi wa mambo ya uhamiaji hata leo, limeelezwa kuwa ni mtu yeyote asiye raia wala asiyehesabiwa kuwa wa taifa lile. Lakini maneno hayakai pale yalipowekwa na wanasheria. Katika karne ya 20 watunga hadithi na watengeneza sinema walilitwaa neno lilo hilo wakawapa viumbe wa kutisha watokao katika nyota nyingine. Hata mtoto wa siku hizi alisikiapo hufikiri kwanza dude lenye macho makubwa, kisha ndipo amfikirie mchuma matunda wa California. Sheria haikubadilika, masikio ya watu ndiyo yaliyobadilika.

Neno la pili, "illegal", ambalo maana yake ni "kinyume cha sheria", halikuwa na kazi kubwa zamani, kwa sababu sheria zenyewe za kuvunjwa zilikuwa chache. Kabla ya mwaka 1875 serikali kuu ya Marekani karibu haikuwa na sheria ya kumzuia mhamiaji. Mwaka 1882 wafanya kazi wa Kichina walikatazwa kuingia. Mwaka 1924 ikawekwa hesabu ya watu kwa kila taifa, na mwaka huohuo wakaundwa walinzi wa mpaka. Na mwaka 1929 kuingia nchini pasipo kupita mlango wa serikali kukafanywa kosa la jinai. Watu wa Mexico waliozoea kuvuka wakati wa mavuno na kurudi kwao, wasihesabu mto kuwa ni jambo kubwa, wakaambiwa kwamba sasa mto ule ni kosa. Mto ulikuwa uleule.

Ndipo yakazaliwa majina. Waliovuka mto Rio Grande waliitwa kwa jina lenye maana ya "migongo iliyolowa". Lilikuwa tusi la mitaani. Lakini mwaka 1954 serikali ilipofanya msako mkubwa wa kuwakamata na kuwarudisha Mexico, ililitwaa tusi hilo ikaufanya kuwa ndio jina la msako wenyewe, likaandikwa katika karatasi za maofisa. Leo hapana gazeti la heshima huko lithubutulo kuliandika isipokuwa kwa kutaja habari za kale. Twaitaja habari hii mapema, kwa sababu wako wasemao kwamba majina ya serikali hayana upendeleo, na kwamba wanaoyakataa ndio waletao siasa. Jina hilo la mwaka 1954 lilikuwa la serikali.

2. Mashindano ya siku hizi

Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilishauri kwamba katika hati zake wafanya kazi wa namna hii waitwe wasio na hati, au wasio katika utaratibu, badala ya kuitwa watu wa kinyume cha sheria. Shauri hilo halikuwafikia wengi. Huko Marekani jambo lilipamba moto mwaka 2010, walipoanza watu kuyaomba magazeti yaliache kabisa neno "illegal" kwa mtu. Mwaka uliofuata Jose Antonio Vargas, mwandishi wa magazeti mwenye sifa, mzaliwa wa Ufilipino, aliungama katika maandiko yaliyosomwa nchi nzima kwamba yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kukaa. Alikuwa amepelekwa kwa babu na bibi yake akiwa na miaka 12. Na alipofika miaka 16, akaenda kuomba leseni ya udereva, ndipo alipojua kwamba kadi yake ya ukaazi ilikuwa ya bandia.

Tarehe 2 Aprili mwaka 2013 shirika la habari la Associated Press, ambalo kitabu chake cha kanuni za uandishi hufuatwa na magazeti mengi sana, lilitangaza kanuni mpya: neno "illegal" litumike kwa tendo tu, lisitumike kwa mtu. Yafaa kusema uhamiaji wa kinyume cha sheria. Haifai kusema mhamiaji wa kinyume cha sheria. Gazeti la New York Times halikuliondoa neno, ila mwezi uleule liliwashauri waandishi wake wafikiri kabla ya kuliandika, na waeleze hali ya mtu kwa maneno mengine iwezekanapo.

Ugomvi ukaingia hata katika nyumba za vitabu. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth, walipokuwa wakitafuta vitabu, walishangaa kuona kwamba vyote vya mambo haya vimepangwa chini ya jina lenye maana ya "wageni wa kinyume cha sheria". Wakaiomba Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo majina yake ya vitabu hufuatwa na maktaba nyingi duniani, ilibadili. Mwaka 2016 Maktaba ilikubali. Lakini wabunge wakaingilia kati, na mabadiliko yakasimama. Hata Novemba mwaka 2021 ndipo yalipotangazwa majina mawili badala ya lile moja: moja la watu, lenye maana ya "wasio raia", na moja la tendo, lenye maana ya "uhamiaji wa kinyume cha sheria". Msomaji aone vema jambo hili: baada ya miaka saba ya mabishano, waliyoyafanya hao watunza vitabu ni kumtenga mtu na tendo lake, yaani kanuni ileile ya Associated Press.

Na serikali nayo hubadili maneno kadiri wakubwa wake wanavyobadilika. Aprili mwaka 2021, chini ya Rais Biden, idara mbili kubwa za mpaka na uhamiaji ziliamriwa kuacha "alien" na kutumia "asiye raia". Tarehe 20 Januari mwaka 2025, siku ile ile aliporudi madarakani, Rais Trump alitia sahihi amri ambazo ndani yake neno la zamani limerudi, na pamoja nalo neno "uvamizi". Biden mwenyewe hakuwa na ulimi imara: Machi mwaka 2024, akihutubia Bunge, alimwita mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji kwa neno "illegal" tupu, lisilofuatwa hata na neno "mtu", na baada ya siku mbili akasema anajuta kwa kulitumia. Basi wa upande wake wakamlaumu kwa kulitamka, na wa upande wa pili wakamlaumu kwa kulijutia. Hapo twaona kwamba neno limekwisha kuwa bendera: mtu husikilizwa ajulikane ni wa jeshi gani, na aliyotaka kusema hayaulizwi tena.

3. Hoja za wanaolitetea neno

Tusiwadharau wanaotetea neno la ukali, maana wanazo hoja tatu zinazostahili jibu.

Ya kwanza, wasema kwamba sheria imevunjwa, na kwamba lugha ya kweli yapaswa kusema hivyo. Anayefunika kosa kwa neno laini awadhulumu wale waliongoja nje kwa miaka mingi, wakalipa ada na kujaza makaratasi, ili waingie kwa mlango. Ya pili, wasema kwamba kulainisha maneno hakuna mwisho: neno jipya hukaa safi miaka michache, kisha huchafuka kwa uchafu uleule, likatafutwa jingine. Ya tatu, wasema kwamba lugha haipaswi kuamriwa. Na hapa wana mfano wa kuonyesha, kwa kuwa mwaka 2019 mji wa New York ulitoa mwongozo wa kuwatoza watu faini, ambayo yaweza kufika dola 250,000, iwapo mwajiri au mwenye nyumba atalitumia neno hilo kwa nia ya kumdhalilisha mtu.

Hoja ya tatu twaikubali kwa sehemu. Kumkataza mwajiri asimtishe mfanya kazi ni kazi ya sheria. Lakini neno lililoondolewa kwa hofu ya faini halijafa, limejificha tu, na hurudi siku faini ikiondolewa. Hoja ya pili nayo ni kweli kwa maneno mengi ya tafsida. Wala hatuwasifu waandishi walioamua kusema "wahamiaji" tu, bila neno la kuwapambanua, hata pale ambapo habari yote ni juu ya ruhusa. Hao wamewachanganya watu wa hali mbili katika chungu kimoja, na chuki iliyokusudiwa wale ikawafikia na hawa. Uungwana wa namna hiyo umewadhuru wahamiaji wote.

Lakini hoja ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa, haisimami ikitazamwa karibu. Wasema neno lao ni la kweli kwa kuwa ni la kisheria. Na tuitazame sheria. Anayeingia Marekani kwa kificho, kwa mara ya kwanza ametenda kosa dogo la jinai. Aliyeingia kwa visa akapigiwa muhuri, kisha akakawia baada ya siku zake kwisha, hakutenda jinai kwa kukawia kwake. Aweza kuondolewa nchini, lakini hilo ni shauri la serikali na mgeni, wala si kesi ya mhalifu. Na mwaka 2012, katika shauri la Arizona, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema wazi kwamba, kwa kawaida, mtu astahiliye kuondolewa hatendi jinai kwa kuendelea kuwapo tu nchini. Yuko tena yule aliyeomba hifadhi, ambaye shauri lake halijakatwa bado. Watu wote hao, wapatao 11 milioni kwa makadirio ya mwaka 2022, wametiwa katika neno moja. Neno lisilopambanua jinai na lisilo jinai, wala hukumu iliyokwisha na hukumu ingojewayo, lina ukali, lakini usahihi hauna nafasi ndani yake.

4. Kosa la upande wa pili

Walakini hao wanaosema "wasio na hati" nao hawakufika. Associated Press, siku ileile ilipoliacha neno la ukali, ilisema kwamba na hili halitoshi: mtu aweza kuwa na hati tele, pasi, cheti cha kuzaliwa, kadi ya benki, akakosa ile moja itakiwayo ya kukaa. Tumemtaja Vargas: hati alikuwa nayo mkononi, lakini haikuwa ya kweli.

Na kinyume chake kipo, tena chahuzunisha. Mwaka 2018 ilijulikana Uingereza kwamba watu waliotoka visiwa vya Karibi, walioingia kabla ya mwaka 1973 na wenye haki kamili ya kukaa, walikuwa wamefukuzwa kazini, wakanyimwa matibabu, na wengine wakafungwa na kuondoshwa nchini, kwa kuwa hawakuweza kuonyesha karatasi. Kadi za kushuka melini, ambazo zingaliweza kuwa ushahidi wa wengi wao, ziliharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Hawa hawakuwa na hati. Lakini sheria ilikuwa pamoja nao. Basi kukosa hati ni jambo moja, na kukosa haki ni jambo la pili, wala mtu asilitie moja mahali pa lingine. Sisi watu wa Afrika Mashariki tungeweza kulikumbuka hilo bila kufundishwa, maana wazee wetu wa Kenya walivikwa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, na aliyekutwa bila hicho alikuwa mkosaji katika nchi aliyozaliwa.

Wafaransa walifika karibu zaidi, na waliofika si wanachuo ila ni wahamiaji wenyewe. Machi mwaka 1996 watu wapatao 300, wengi wao wa Mali na Senegal, waliingia katika kanisa la Mtakatifu Ambrosi mjini Paris, wakadai wapewe vibali. Wengi walikuwa wameingia kwa halali, ila sheria mpya za mwaka 1993 ziliwaharibia hali zao. Walikuwa wakiitwa kwa jina lenye maana ya "wajifichao". Jina hilo wakalikataa kwa hoja nyepesi: hawakujificha, walikuwa kanisani mbele ya watu wote, na kodi walilipa. Wakajiita "sans-papiers", yaani wasio na karatasi. Agosti mwaka huohuo polisi walivunja kwa mashoka mlango wa kanisa jingine walilohamia, la Mtakatifu Bernardo. Lakini jina walilojichagulia halikuvunjika, na Wafaransa hulitumia mpaka leo, hata wale wasiowapenda. Nguvu ya jina hili ni kwamba waitwao walijiita wenyewe. Upungufu wake ni uleule wa kutazama karatasi.

5. Neno letu wenyewe

Sasa na tuje nyumbani. Waandishi wetu walipokutana na "illegal immigrant" walitafuta neno, wakaliona haramu liko tayari, wakalibandika. Hatudhani kwamba walikuwa na nia mbaya. Lakini walitafsiri neno la mahakamani kwa neno la dini, na tofauti yake ni kubwa.

Haramu ni neno la Kiarabu, na kwao shina lake lataja kitu kilichokatazwa na kutengwa. Katika Kiswahili limezaa ukoo mzima: haramia, yaani mnyang'anyi; maharimu, yaani jamaa ambaye ndoa naye imekatazwa; kuharamisha, yaani kukitia kitu katika makatazo. Kinyume chake ni halali. Tazameni vitu vilivyozoea kufuatana nalo: nyama, kileo, riba, mali ya wizi. Ni vitu vya kuepukwa, vya kutoguswa, vya kutoingizwa nyumbani. Tena, kama ilivyo kawaida ya sifa nyingi zilizotoka Kiarabu, halichukui kiambishi: nyama haramu, mali haramu, watu haramu. Kwa hiyo ngeli yenyewe, ambayo katika Kiswahili ndiyo imtengayo mtu na kitu, hapa hainyoshi mkono kumsaidia mtu. Amewekwa safu moja na nguruwe na kileo.

Atasema mtu: mbona twasema uvuvi haramu, na hapana alalamikaye? Tunajibu kwamba uvuvi ni tendo, na tendo laweza kuharamishwa. Lakini kutoka uvuvi haramu ni hatua moja tu kufika wavuvi haramu, na kutoka uhamiaji haramu ni hatua moja tu kufika wahamiaji haramu. Na hatua hiyo ndiyo iliyo na kosa, maana hapo sifa imeruka kutoka kwenye tendo ikamkaa mtu mwilini. Wala hatuifanyi kwa kila mkosaji. Aendeshaye gari bila ruhusa twamwita dereva asiye na leseni. Hatusemi dereva haramu, ingawa aweza kuua watu barabarani. Ajengaye mahali pasiporuhusiwa hatumwiti mjenzi haramu. Twajua basi, katika mambo mengine, kuitaja sheria iliyovunjwa pasipo kumharamisha aliyeivunja.

Na madhara yake si ya vitabuni tu. Mwezi wa Juni mwaka 2012, katika mkoa wa Dodoma, zilikutwa porini maiti za Waethiopia zaidi ya 40, watu waliokosa pumzi ndani ya lori lililokuwa likiwapitisha nchini kwa siri, wakatupwa njiani. Habari zilitangazwa kwa majonzi ya kweli. Hata hivyo waliitwa wahamiaji haramu, na katika kichwa cha habari neno hilo husomwa kabla ya neno kufa. Mwenyeji wa Kiswahili humwita maiti marehemu, mwenye kurehemiwa, hata kama alikuwa mwizi. Ni adabu ambayo lugha yetu imeishika kwa muda mrefu. Hapa adabu hiyo ilituponyoka, kwa sababu neno lilikuwa limekwisha pangwa tayari mezani mwa mwandishi.

Sikilizeni kwa upande mwingine jinsi watu wetu wasemavyo walipo wenyewe katika hali hiyo. Waswahili walioko Marekani na Ulaya hawaulizani kama fulani ni haramu; huulizana, "Amepata makaratasi?" Vijana wa bandarini walipanda meli kwa kujificha wakaitwa wazamiaji, na kitendo chao kuzamia, nao wanaofika Ulaya wakaomba hifadhi kwa kutupa yote ya nyuma husema wamejilipua. Maneno haya si ya adabu kubwa, na la mwisho lina mzaha wenye uchungu ndani yake. Lakini yameundwa kwa desturi safi ya Kiswahili, yaani kutoka katika vitenzi. Yamtaja mtu kwa alilolitenda: alizamia, alijilipua, hajapata makaratasi. Tendo lina mwanzo wake na laweza kuwa na mwisho. Aliyezamia jana aweza kupata makaratasi kesho. Haramu haina kesho.

Na wahenga walipotaka kuweka sheria ya ugeni, waliiweka katika kazi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hii haina ulegevu. Haisemi kwamba mgeni akae bure. Yamtaka afanye kazi, na kwa kumpa jembe yamtia katika hesabu ya watu wa nyumba. Katika mashamba ya Marekani, kwa hesabu za Wizara ya Kilimo ya huko, watu kama 4 katika kila 10 wa wachuma mazao walioajiriwa hawana ruhusa ya kufanya kazi. Hao jembe wamekwisha kupewa zamani. Mwenyeji aliyempa mgeni jembe, akala alichokilima, kisha akamwita haramu, na aeleze chakula alichokula kiliitwaje.

6. Mtoto

Tumeliacha mwisho jambo tuonalo kuwa zito kuliko yote. Kabla ya mhamiaji haramu, Kiswahili kilikuwa na mtu mmoja tu aliyezoea kubeba neno hili juu ya nafsi yake, naye ni mwana haramu. Wazazi walitenda, mtoto akapewa jina. Wazee wenye busara walilijua kosa la jina hilo, na wengi walilikataza nyumbani mwao, kwa kuwa mtoto hakuombwa shauri alipozaliwa.

Sasa mtazameni mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka mpaka akiwa na miaka miwili. Hakuchagua njia, hakumlipa msafirishaji, wala hakujua kwamba mahali fulani katika jangwa pana mstari. Huko Marekani wako watu wa namna hii kwa malaki, na wengi wamekwisha kuwa watu wazima wasioikumbuka nchi nyingine yoyote. Kwa ajili yao serikali iliweka, mwaka 2012, mpango wa kuwaahirishia kuondolewa, na mpango huo umepingwa na kutetewa mahakamani tangu siku hizo. Zamani zaidi, mwaka 1982, Mahakama Kuu ilipoulizwa kama jimbo la Texas laweza kuwanyima watoto hao shule ya serikali, ilijibu, kwa mahakimu watano kwa wanne, kwamba haliwezi. Na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba si haki kumtwika mtoto adhabu ya tendo la wazazi wake. Hii ndiyo hoja ileile ya wazee wetu juu ya mwana haramu. Mahakimu wa Washington waliifikia kwa njia ya katiba, wazee wa pwani kwa njia ya huruma. Nasi tumefasiri habari za watoto walewale kwa neno lilelile tulilolionea haya nyumbani.

7. Shauri letu

Hatutaki neno hili lipigwe marufuku na mtu yeyote. Twataka waandishi waliache kwa kuwa ni tafsiri mbaya. Na Kiswahili hakina upungufu wa kuweka badala yake, maana kitenzi chetu chaweza kubeba habari yote katika neno moja au mawili, kikiwa kimefungwa kwa wakati wake.

Basi mwandishi ajuaye habari na aiseme. Kama mtu alipita njia za panya, aandike: aliyeingia bila ruhusa. Kama visa yake ilikwisha, aandike: aliyekawia baada ya ruhusa kwisha. Kama shauri lake halijakatwa, aandike: anayengoja majibu ya ombi la hifadhi. Na pale anapotaja kundi zima, asijue hali ya kila mmoja, aandike: wahamiaji wasio na ruhusa ya kukaa. Twapendelea ruhusa kuliko hati, kwa sababu tulizozionyesha katika habari za Vargas na za watu wa Karibi. Na akitaka kulitaja tendo, uhamiaji wa kinyume cha sheria ni maneno ya haki, hayamfichi mvunja sheria wala hayamsingizii.

Wapendao sheria hawatapoteza kitu kwa mpango huu. Bali watapata, kwa kuwa kosa litatajwa kwa jina lake, kila moja na kipimo chake. Wapendao huruma nao hawatalazimika kusema uongo. Maneno ni marefu kidogo, twakiri, na kichwa cha habari kina nafasi ndogo. Lakini mwandishi anayepima nafasi ya kichwa cha habari na akumbuke kwamba neno fupi aliloliweka pale lina watoto wanaolisoma shuleni, wakijua kwamba wanaotajwa ni wao.